Simbilisi Aliyeganda Hajatulia

Makala ya ufugaji iliyowaambia watu wa pwani kwamba simbilisi hana kero, kwa kuwa ukimshika hutulia tuli, imepotosha, na anayeumia ni mnyama. Simbilisi ni windo tangu huko kwao milima ya Andes. Mkono unaomshukia kutoka juu, kwake ni mwewe. Akiganda macho yamemtoka na mwili umekakamaa, huyo hajazoea. Ameogopa.

Wala si bubu. Mlio mkali unaopanda juu ni wa kudai majani. Mngurumo mzito huku mwili umelegea ni raha. Mngurumo mfupi, mwembamba, mwili ukiwa mgumu, ni wasiwasi. Akigonganisha meno, anaonya: mwache. Akirusha kichwa juu unapompapasa, anakwambia basi.

Wenzetu wa Iringa na Njombe humfuga kwa kitoweo kwenye baridi ya nyanda za juu. Kilwa Masoko na Lindi ni joto na unyevu, na joto likipita nyuzi 30 laweza kumuua. Anayehema mbio huku amelala kimya mikononi mwako adhuhuri hajatulia hata kidogo. Mpeleke kivulini upesi, mpe maji.

Ukitaka kumshika, keti chini mkekani, kiganja kimoja kifuani pake, kingine kibebe makalio. Mtoto asimbebe akiwa amesimama, maana simbilisi akianguka huvunjika kirahisi. Namsihi mwandishi asahihishe ushauri wake kabla wafugaji wapya hawajaufuata.