Uso Umeumbwa na Haya: Hoja ya Kuitetea Kamera Isiyo na Kitundu

Mapema mwaka huu mwanafunzi wangu mmoja alizuiwa mlangoni mwa ukumbi uliokuwa na mkutano wa wadau. Alikuwa na barua ya utambulisho, alikuwa na kitambulisho cha chuo, na mkononi alishika kamera ndogo. Aliyekuwa akipokea wapiga picha aliigeuzageuza kamera ile, akatafuta mahali pa kuweka jicho, hakupaona, akamrudishia. “Hii si kamera, kijana. Kaa kule nyuma na wenye simu.” Mwanafunzi alikaa kule nyuma, akaniletea picha za visogo, pamoja na ombi la maandishi kwamba idara imnunulie “kamera ya kweli”. Ombi hilo nimelikataa, wala si kwa ubahili. Nimelikataa kwa sababu naamini bawabu yule alikosea, na kwamba kosa lake linatuhusu sote tunaobeba kamera kwa jina la elimu, la haki au la serikali.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Kamera kubwa tulizozizoea, zile zinazoning’inia vifuani katika kila hafla, zilijengwa kwa kioo kilichowekwa mshazari nyuma ya lenzi. Kioo hicho kiliupokea mwanga, kikauelekeza juu, nao ukaishia kwenye kitundu ambamo mpiga picha aliegesha jicho lake. Katika kamera za namna hiyo za enzi ya filamu, asiyechungulia kitunduni hakuwa na njia ya kujua lenzi inaona nini. Kitundu kilikuwa cha lazima.

Mwaka 2008 Panasonic ilitoa kamera ya G1, ambayo ilikiondoa kioo hicho. Mwanga ukawa unaangukia moja kwa moja kwenye kihisi, na kihisi kikawa kinaipeleka taswira kwenye skrini. Hata hivyo G1 iliachiwa kitundu, na ndani ya kitundu ikawekwa skrini ndogo. Mwaka uliofuata Olympus ikatoa E-P1 na kukiondoa kitundu chenyewe. Sony ikafuata na NEX-5 mwaka 2010, na Canon na EOS M mwaka 2012. Kwa hiyo anayeegesha jicho kwenye kitundu cha kamera ya kizazi hiki hautazami ulimwengu wenyewe, kama wengi wanavyojidanganya. Anatazama runinga ndogo, inayoonyesha taswira ileile iliyopo kwenye skrini ya nyuma.

Kamera ninayoitumia ni Sony a5100 ya mwaka 2014. Mwaka huohuo kampuni hiyohiyo ilitoa a6000, yenye kitundu. Zote mbili zina kihisi cha ukubwa uleule, chenye pikseli milioni 24 hivi, na zinapokea lenzi zilezile. Zifungie lenzi ya aina moja, zipange sawasawa, kisha niletee picha mbili. Sioni mhariri atakayeniambia ipi imetoka wapi. Tofauti haimo ndani ya picha. Imo kwenye uso wa anayepiga.

Lugha yetu ina neno lake kwa jambo hili. Hatusemi kwamba mtu anatazama kupitia tundu, tunasema anachungulia. Anayechungulia huona bila kuonwa. Hujificha nyuma ya mlango, ya pazia, ya ukuta, na akigunduliwa hukimbia. Sijapata kumsikia mzazi akimsifu mtoto kwa kuchungulia. Hata wahenga waliponena kwamba mchungulia bahari si msafiri, walikuwa wakimkemea mtu anayetaka kujua pasipo kuingia majini. Na walinena tena kwamba uso umeumbwa na haya. Ni vigumu kumdhalilisha mtu huku macho yake yamo machoni mwako. Haya hiyo ni breki iliyowekwa ndani yetu kabla ya sheria zote. Mpiga picha anayeufunika uso wake kwa kamera ameiondoa breki hiyo, na mara nyingi hajui kwamba ameiondoa.

Nitatoa mfano nilioushuhudia. Nilikwenda na wanafunzi watatu katika kijiji kimoja cha pwani ambako ardhi ilikuwa ikitwaliwa kwa ajili ya mradi. Ilikuwa siku ya uthamini. Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanaujua utaratibu: mwenye mali husimama mbele ya nyumba yake, hushika kibao chenye namba yake, akapigwa picha. Picha huingia kwenye jalada pamoja na fomu. Siku mwenye mali na ofisi watakapobishana kuhusu fidia, jalada ndilo litakalosema.

Mpiga picha wa zoezi lile alikuwa kijana mwenye bidii, na foleni ilikuwa ndefu. Kutoka nyumba hadi nyumba kamera haikushuka usoni pake. “Bibi, sogea kushoto. Kidogo tena. Inua kibao.” Bibi mmoja wa miaka sabini na kitu akasogea, akasogea tena, akainua kibao. Kisha akauliza kwa upole, “Mwanangu, mbona sikuoni?” Kijana alidhani bibi analalamikia macho. “Ni jua hilo, bibi,” akamjibu, akabonyeza, akaenda zake nyumba ya pili.

Mwanafunzi wangu alibaki. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaomba ruhusa ya kumpiga picha palepale alipoachwa amesimama. Aliishika kamera ndogo usawa wa kifua, uso wake ukiwa wazi, wakawa wanazungumza. Kabla ya kubonyeza aliiinua skrini na kuipindua hadi ikamwelekea bibi, maana skrini ya kamera hii hupinduka hivyo. Bibi akajiona. Akacheka kuona ushungi wake umelegea, akaukaza. Halafu akaacha kucheka. “Mjukuu wangu, nyumba hii si yangu. Hii ya shemeji yangu. Yangu mimi ni ile ya makuti.”

Ule “sogea kushoto, kidogo tena”, uliokuwa ukitafuta ukuta wenye mwanga mzuri, ulikuwa umemwondoa bibi mbele ya nyumba yake na kumsimamisha mbele ya nyumba ya mwingine, yenye bati na saruji, na namba yake mkononi. Siku ya ukaguzi angeitwa mdanganyifu. Tulimwita mtendaji, mtendaji akamwita mthamini, picha ikarudiwa. Ilikuwa kazi ya dakika kumi.

Najua pingamizi zitakazoletwa, na za kweli nitazikubali.

Ya kwanza: kamera ya yule kijana nayo ilikuwa na skrini nyuma, hivyo angeweza kumwonyesha bibi picha. Angeweza. Lakini mtu hutenda kwa mazoea, na mazoea ya kitundu ni kuiweka skrini kuwa mali ya mpiga picha, ya kuhakiki kazi yake baada ya kumaliza. Kamera isiyo na kitundu haimfanyi mtu kuwa mwema. Inamnyima tu maficho, na inaiweka taswira hadharani kabla kitufe hakijabonyezwa, mahali ambapo mtu wa pili anaweza kuiona na kuisahihisha.

Ya pili ni jua. Hapa wakosoaji wana haki. Saa sita mchana skrini hufifia, na nimekwisha kukata vichwa vya watu wenye heshima zao kwa sababu sikuona nilichokuwa nikikipiga. Anayetumia kamera hii sharti ajifunze kuipa skrini kivuli kwa kofia yenye ukingo au kwa kiganja, kupandisha mwangaza wake, na kubeba betri ya pili, kwa maana mwangaza huo hula chaji. Sharti pia ajifunze kupanga kazi yake asubuhi na alasiri, jambo ambalo hata kazi ya picha yenyewe hulidai, kwa kuwa jua la utosini huyajaza macho ya watu vivuli vyeusi. Sisi wenye umri wa kuhitaji miwani ya kusomea tutahitaji pia kuivaa.

Ya tatu ni mtikisiko. Kamera iliyoegemezwa usoni hutulia, na iliyonyooshwa mbele kama sinia hutetemeka. Dawa yake ni kubana viwiko mbavuni na kuuvuta mkanda wa shingoni hadi ukakamae; mkanda huo huwa mguu wa tatu. Lakini mwenye lenzi ndefu na nzito, anayepiga simba mbugani au mpira uwanjani, na atumie kitundu kwa amani. Simba hadai kuuona uso wa mpiga picha. Hoja yangu inahusu watu waliosimama hatua tatu mbele yetu.

Ya nne ndiyo nzito zaidi: kwamba kamera kubwa usoni humtangaza mpiga picha, ilhali kamera ndogo kifuani ni silaha ya mdokozi. Historia inaipa nguvu hoja hii. Kati ya 1938 na 1941 Mmarekani Walker Evans aliificha kamera ndani ya koti lake, akawapiga picha abiria wa treni za chini ya ardhi mjini New York pasipo wao kujua, na picha hizo akazitoa katika kitabu mwaka 1966. Hata uso wake ulikuwa wazi muda wote. Nakubali, basi, kwamba uso wazi peke yake hautoshi. Uso wazi na kamera iliyofichwa ni wizi. Kamera wazi na uso uliofichwa ni ubabe. Ninachodai ni vyote viwili viwe wazi kwa wakati mmoja, na chombo kinachorahisisha jambo hilo kuliko kingine ni hiki ambacho bawabu alikiita si kamera.

Wapo watakaouliza, basi kwa nini tusitumie simu? Kwa sababu simu ni ya mtu binafsi. Picha ya bibi mwenye namba ya fidia ikiingia kwenye simu ya mtumishi, inalala jirani na salamu za harusi na makundi ya WhatsApp, na kutoka hapo inasafiri. Kamera ina kadi yake, na kadi inakabidhiwa ofisini kwa saini. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalinda faragha ya mtu, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Uso wa mwananchi pamoja na namba yake ni taarifa binafsi. Mahali pake si mfukoni mwa mtu.

Sasa naomba mambo matatu, kwa walio na uwezo wa kuyatenda.

Kwa wanaoandika mahitaji ya manunuzi: acheni kuandika “kamera ya kitaalamu” mkimaanisha kamera kubwa yenye kitundu. Andikeni kazi inayotakiwa kufanywa. Kama kazi ni kuwapiga picha wananchi majumbani mwao, andikeni skrini inayopinduka, na wekeni kanuni kwamba mwananchi aione picha yake kabla mpiga picha hajaondoka.

Kwa wanaharakati na watafiti: mnalalamika, na kwa haki, kwamba umaskini wa watu wetu umekuwa bidhaa ya mabango ya wafadhili. Tazameni basi ni nani aliyepiga picha hizo, na alikuwa amesimama vipi. Nyingi zimepigwa na sisi wenyewe, katika safari za siku moja, uso ukiwa nyuma ya kamera. Msimngoje mfadhili abadilike.

Kwa wanafunzi wangu: muhula ujao, katika wiki mbili za kwanza za mafunzo ya nyanjani, kila kamera yenye kitundu itazibwa kwa gundi ya karatasi. Mtapiga picha kwa kutumia skrini, mkiwa mmetazamana na watu. Mtatoa picha mbovu, nami nitazipokea. Baada ya wiki mbili atakayetaka kuibandua gundi ataibandua, lakini atakuwa amejua kile alichokuwa akikificha.

Ombi la yule mwanafunzi nimelijibu kwa maandishi. Idara itampa betri ya pili na kofia yenye ukingo. Nimeandika pia barua kwa waandaaji wa mkutano ule, kuwauliza ni kanuni ipi inayoipima kamera kwa kitundu chake. Barua imepokelewa na kupigwa muhuri. Jibu bado.