Njia za Intaneti Zisiachwe Bila Mlinzi

Tarehe 24 Februari 2008 shirika la simu la Pakistan, likitekeleza amri ya serikali yake ya kuifunga YouTube nchini humo, lilitangaza kwamba njia ya kufikia anwani za YouTube ilikuwa kwake. Tangazo hilo likavuka mipaka. Mitandao ya nchi nyingine ililiamini bila kuuliza, na kwa muda wa saa mbili hivi sehemu nyingi za dunia zikaikosa YouTube.

Kisa hicho ni somo hata leo. Intaneti haina makao makuu yanayopanga safari za habari. Kila mtandao huitangazia mitandao jirani anwani unazozifikia, nayo husadiki na kuipasha mingine. Kuaminiana ni jambo jema, lakini imani isiyo na uhakiki humfungulia mlango mzembe na mwizi pia.

Dawa ipo. Afrika ina chombo chake cha kusajili anwani, AFRINIC, chenye makao Mauritius, kilichotambuliwa rasmi mwaka 2005. Mwenye anwani zilizosajiliwa huko aweza kutia saini ya kidijitali kuonyesha mtandao wenye haki ya kuzitangaza. Mitandao mingine ikiikagua saini hiyo, tangazo la uongo la namna ile hukataliwa.

Idara, vyuo na makampuni yenye anwani hayana budi kutia saini hizo, kukagua za wengine na kuziangalia njia usiku na mchana. Mali bila daftari hupotea bila habari.