Ghera ya Dini na Adabu ya Mjadala

Mwaka 1948 redio ya BBC ya Uingereza ilitangaza mjadala juu ya kuwapo kwa Mwenyezi Mungu, baina ya mwanafalsafa asiyeamini, Bertrand Russell, na padri Mjesuiti, Frederick Copleston. Kabla ya yote padri alieleza anamkusudia nani anaposema Mungu, na Russell akaikubali maana hiyo. Ndipo walipoanza kuvutana. Copleston alishikilia kwamba vitu visivyojileta vyenyewe havina budi kuwa na Aliyevileta. Russell akakataa kwamba ulimwengu mzima unahitaji kutafutiwa sababu. Hapana aliyemshinda mwenziwe, lakini msikilizaji aliweza kujua hasa wanapoachana.

Baadaye lugha iligeuka kuwa kali. Richard Dawkins mwaka 2006, na Christopher Hitchens mwaka 2007, walitoa vitabu visivyoficha dharau yao kwa dini, na waumini wengi wakajibu kwa ukali ule ule. Hata hivyo, Hitchens alipopatwa na saratani mwaka 2010, mmoja wa waliomsaidia kutafuta tiba alikuwa Francis Collins, bingwa wa elimu ya jeni na Mkristo thabiti. Hitchens alifariki Desemba 2011 bila kuacha msimamo wake, na urafiki wao haukuwa umevunjika.

Huenda msomaji akauliza, yatuhusu nini mambo ya padri na Wazungu? Yanatuhusu, kwa kuwa amri ni yetu. Sura An-Nahl, aya ya 125, yatutaka tujadiliane kwa njia iliyo bora. Na Nabii Musa na nduguye Harun walipotumwa kwa Firauni, mtu aliyejidai uungu, waliamrishwa wamsemeze kwa upole (Taha, aya ya 44). Ni mkanamungu gani wa leo aliyempita Firauni kwa kiburi? Wala Musa hakuwa mtu baridi. Ni yeye huyo aliyezitupa mbao kwa ghadhabu alipoikuta kaumu yake ikiabudu ndama. Ghera alikuwa nayo, ila hakutumwa kwenda kumtukana mtu.

Sasa tutazame misikitini mwetu. Kijana arejea kutoka chuoni na swali: kwa nini mtoto asiye na dhambi huteseka kwa maradhi? Kabla hajamaliza, ameshaambiwa amekufuru. Hunyamaza, swali huondoka nalo, na wa kumjibu humtafuta kwingine. Ilhali Nabii Ibrahim alipomwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyowafufua wafu, ili moyo wake utulie, hakufukuzwa. Aliamriwa achukue ndege wanne (Al-Baqara, aya ya 260).

Tunawaomba maimamu na walimu wa madrasa watenge japo darasa moja kila mwezi kwa maswali ya namna hii, na muulizaji aachwe amalize.