Chai ya Kukata Tumbo Inakata Mfuko Tu

Wiki jana nimetumiwa ofa nitangaze chai ya kijani, ati inayeyusha mafuta. Pakiti moja thao na nusu! Nimekataa, na acha niwaambie mbona.

Chai ya kijani na strungi ya mathe ni mmea mmoja, ule ule wa Kericho. Tofauti ni vile majani yametengenezwa. Kafeini inaongeza kidogo tu nishati ambayo mwili unachoma. Mwaka 2012 watafiti wa Cochrane walijumlisha majaribio ya hiyo chai: uzito uliopungua ulikuwa mdogo mno, hauna maana kiafya.

"Lakini mimi nilitoa kilo mbili!" Soma pakiti, siz. Ukiona senna, hiyo ni dawa ya kuendesha. Umetoa maji, na huku Kibera choo ni ya kulipia.

Kinachoniuma ni madem wa Kawangware wanaoshinda na hicho kikombe bila kula, mikono ikitetemeka, wakidhani ni mafuta yanaungua. Hiyo ni njaa na kafeini, basi. Thao na nusu ni chapo madondo karibu mwezi mzima! Na wale wanaotembea kutoka Laini Saba hadi Industrial Area kila asubuhi, nani amewahi kuwauzia chai ya kukata tumbo?