Ugonjwa wa betri ya potasiamu uko kwenye elektroliti

Udhaifu wa betri ya potasiamu hauko kwenye potasiamu yenyewe tu bali hujitokeza kwenye elektroliti. Ioni ya potasiamu ni kubwa kuliko ya lithiamu. Ikijipenyeza kati ya tabaka za grafiti, grafiti huvimba kwa takriban asilimia 60, kisha hunywea betri inapotumika. Utando unaojijenga juu yake hupasuka na kujijenga upya, na kila mara elektroliti huliwa kidogo. Chumvi ya KPF6 ikitumika kwenye elektroliti hutoa utando dhaifu. Chumvi ya KFSI hutoa ulio imara zaidi. Ila KFSI ikiwa nyepesi huitafuna karatasi ya aluminiamu inayokusanya umeme ndani ya betri volteji ikipanda, ndiyo maana hukolezwa mpaka karibu kila molekuli ya kiyeyushi ishikwe na ioni, kama ugali uliokaza usio na maji ya kumwagika. Bei nayo hupanda, na majimaji huwa mazito.

Wanaosema haya ni ya maabara tu waifikirie Kivaa, nchini Kenya. Bwawa la umeme la Kamburu, la tangu 1974, haliko mbali, lakini zipo nyumba zinazowashia taa kwa sola, betri ya asidi ikiwa chini ya bati la moto. Maji yake hukauka, sahani hubaki wazi, mtu akaongeza ya kisima badala ya maji ya betri, na chumvichumvi zikaimaliza. Huo nao ni ugonjwa wa elektroliti.