UCHAMBUZI: Hesabu ya chipu isimnyime mnunuzi wino alioulipia

SHULE zinapofunguliwa Januari, saiba za Ukunda hujaa watu tangu asubuhi hadi magharibi. Mzazi huja na fomu ya basari, mwanafunzi na barua ya kujiunga na shule ya upili, naye kijana anayetafuta kazi katika hoteli za Diani huja na wasifu wake. Serikali ilipotangaza Juni 2023 kwamba maelfu ya huduma zake zimehamishiwa kwenye mtandao wa eCitizen, wengi walidhani makaratasi yangepungua. Wapi! Fomu hujazwa mtandaoni, kisha mwombaji hutakiwa aichapishe, aipeleke kwa chifu ipigwe mhuri, na aiwasilishe kwa mkono.

Katika shughuli hiyo yote mna kijidude kisichozidi ukubwa wa ukucha. Ni chipu iliyobandikwa kwenye katriji ya wino. Mwananchi aliye kwenye foleni haioni, lakini ndiyo inayoamua iwapo ukurasa wake utatoka leo au ataambiwa arudi kesho.

Mimi mwenyewe niliyatambua mamlaka ya kijidude hicho usiku mmoja wa Jumapili nyumbani. Kitindamimba wangu alikuwa ameagizwa na mwalimu apeleke picha za viumbe wa baharini, kazi za aina ile ambayo wazazi wameizoea tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa nchini 2019. Printa ilichapisha kasa, ikachapisha nusu ya pweza, kisha ikasimama na kutangaza kwamba wino wa samawati umekwisha. Niliitoa katriji na kuipima mkononi. Bado ilikuwa na uzito. Nilipojaribu kuchapisha maandishi meusi matupu, printa ilikataa pia, ilhali katriji nyeusi nilikuwa nimeinunua wiki hiyo hiyo.

Jirani yangu ambaye ni fundi aliiangalia mara moja akacheka. "Mzee, hiyo haijaisha wino, imeisha hesabu."

Hakutia chumvi. Katika printa nyingi za nyumbani hakuna jicho linalochungulia ndani ya katriji ili kuona wino uliobaki. Printa hurusha wino kwa matone madogo mno, na kila inaporusha hukadiria kiasi kilichotumika na kukiandika katika kumbukumbu ya chipu. Hata wino unaotumiwa kusafisha kichwa cha kuchapia, kazi ambayo mashine huifanya yenyewe bila kumuuliza mwenyewe, huingizwa katika hesabu hiyo. Ukomo ukifika, mlango hufungwa. Ukiijaza katriji hiyo kwa bomba la sindano hadi ifurike, printa itashikilia kuwa haina kitu, kwa sababu inachosoma ni daftari la chipu.

Hapo ndipo yanapoingia maarifa ya mafundi. Wana kifaa kidogo wanachokiita riseta, chenye vijisindano vya chuma upande mmoja. Vijisindano hukandamizwa juu ya chipu kwa sekunde chache hadi taa ya kifaa ibadilike, na daftari huandikwa upya kwamba katriji imejaa. Zipo pia chipu za kununua ambazo hujirejesha zenyewe kila printa inapozimwa na kuwashwa. Kwa baadhi ya printa za Canon hata kifaa hakihitajiki: mtumiaji akibonyeza kitufe cha kusitisha kazi kwa sekunde tano au zaidi, mashine hukubali kuendelea, ila huacha kabisa kupima wino wa katriji ile. Kwenye miundo mingi ya miaka ya karibuni, mazungumzo baina ya chipu na printa hufungwa kwa maandishi ya siri, na riseta za zamani hazifui dafu mbele yake.

Kwa mkazi wa jijini jambo hili laweza kuonekana dogo, kwani duka la katriji liko mtaa wa pili. Kwa mwenye saiba ya Msambweni au Lunga Lunga, katriji ya muundo usio wa kawaida aghalabu humaanisha safari ya Mombasa, nauli ya kwenda na kurudi na foleni ya feri ya Likoni. Siku hiyo nzima saiba hubaki imefungwa. Tena bei ya seti kamili ya katriji halisi, kwa printa za bei nafuu, huweza kukaribia bei ya printa yenyewe. Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Enrique Lores, aliyekuwa afisa mkuu mtendaji wa HP wakati huo, alikiri hadharani Januari 2024 kwamba kampuni yake hupata hasara inapouza mashine, na faida huipata kwenye vitu kama wino. Kwa maneno mengine, printa rahisi ni mkopo, na mnunuzi huulipa tone kwa tone.

Hata hivyo, watengenezaji wana hoja ambayo si haki kuipuuza. Printa ikirusha matone huku tangi likiwa kavu, hewa huingia kwenye kichwa cha kuchapia na kuziba njia. Katika printa zinazorusha wino kwa joto, wino huohuo ndio unaokipoza kichwa, na ukikosekana chaweza kuungua. Ndiyo maana huacha akiba ndani ya katriji kabla ya kufunga mlango. Anayerejesha hesabu bila kuongeza wino anajidanganya mwenyewe, na anayejaza nusu kisha akaiambia chipu kuwa imejaa atajuta baadaye, kwa kuwa ameiondoa ile kengele ya tahadhari bila kuweka nyingine mahali pake.

Pwani nayo ina ukaidi wake. Wakati wa kaskazi, printa isiyotumiwa kwa majuma kadhaa hukauka matundu, na anayeifufua hulazimika kuisafisha tena na tena, kila mara akiteketeza wino. Umeme unapokatika na kurudi mara tatu kwa siku, printa nyingi hujisafisha upya kila zinapowaka. Wino huo wote huishia kwenye sponji iliyo chini ya mashine, na baadhi ya printa huwa na hesabu nyingine ya kupima sponji hiyo. Ikijaa, mashine hugoma hata kama katriji zote ni mpya. Mafundi wana programu za kuifuta hesabu hiyo pia, lakini fundi mwaminifu huibadilisha au kuiosha sponji kwanza, la sivyo wino utavujia mezani.

Kuna tatizo jingine ambalo wauzaji wa wino wa chupa hawalitaji. Wino wa bei ya chini mara nyingi ni wa rangi iliyoyeyushwa majini, na tone la mvua hutosha kuufanya utambae karatasini. Wino mweusi wa chembechembe, ambao watengenezaji wengi huutumia kwa maandishi, hustahimili maji zaidi. Fomu ya basari iliyochapishwa kwa wino usiofaa, ikabebwa mfukoni siku ya masika kutoka Vanga hadi afisini, inaweza kufika ikiwa doa tupu. Mwenye saiba anayejaza katriji zake anapaswa kuujua wino anaoutia, na kumwambia mteja ukweli.

Lakini hatari hizo ni za mwenye mali kuzipima. Swali zito zaidi ni hili: baada ya mtu kulipa, katriji ni ya nani?

Nchini Marekani swali hilo lilifikishwa hadi Mahakama ya Juu. Kampuni ya Lexmark ilikuwa ikiuza katriji za printa za leza kwa bei mbili. Aliyetaka punguzo alikubali kuitumia katriji mara moja na kuirejesha kwa kampuni, na chipu iliwekwa ili kuhakikisha haijazwi tena. Wafanyabiashara wengine walikusanya katriji tupu, wakabadilisha chipu, wakazijaza na kuziuza. Lexmark ilijaribu kwanza njia ya hakimiliki, ikidai kuwa programu ndogo iliyomo ndani ya chipu ni kazi yake, lakini Oktoba 2004 Mahakama ya Rufaa iliondoa amri iliyokuwa imezuia uuzaji wa chipu mbadala. Kisha ikajaribu njia ya hataza. Mnamo 30 Mei 2017, katika kesi dhidi ya kampuni ndogo ya Impression Products, Mahakama ya Juu ilisema kwamba mwenye hataza akishauza bidhaa yake, iwe ndani au nje ya nchi, haki yake ya hataza juu ya bidhaa hiyo imekwisha, hata kama alimwekea mnunuzi masharti.

Wakenya hawana haja ya kuazima uamuzi huo. Sheria ya Mali ya Kiviwanda ya 2001, katika kifungu cha 58(2), inasema kuwa haki za hataza hazihusu bidhaa ambazo mwenye hataza mwenyewe, au mtu kwa idhini yake, ameshaziingiza sokoni nchini Kenya au katika nchi nyingine yoyote. Wanaharakati wa afya wanakijua vyema kifungu hicho kwa ajili ya dawa za Ukimwi. Sioni kwa nini kisimlinde pia mama mwenye saiba Ukunda aliye na katriji aliyoinunua dukani kwa fedha zake.

Hofu inayowasumbua wafanyabiashara wadogo ni neno "ghushi". Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ya 2008 ina adhabu kali, na mwenye duka asiye na wakili huona heri ajifiche kuliko kujieleza. Maana ya neno hilo ilishawahi kufikishwa mahakamani. Mnamo 20 Aprili 2012, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba sheria hiyo, kwa jinsi ilivyoandikwa, ingeweza kuzuia dawa halali za bei nafuu kwa kuzichanganya na dawa ghushi, na hivyo kutishia haki ya uhai na afya. Kesi ile ilihusu dawa. Mkanganyiko wenyewe, hata hivyo, ndio huu wa katriji.

Mpaka uko wazi kwa anayetaka kuuona. Anayejaza katriji yake na kuirejesha kwenye printa yake hajaghushi chochote. Anayemjazia mteja na kumwambia kuwa amejaza, pia hajaghushi. Anayejaza katriji kuukuu, akairudisha katika boksi lenye alama ya kampuni, akaifunga kwa plastiki na kuiuza kama mpya, huyo ni mlaghai na mkono wa sheria umfikie. Mamlaka husika zikiwachanganya watu hawa watatu, zitakuwa zinamwadhibu fundi kwa kosa la tapeli.

Upande wa pili, watengenezaji wamepata silaha kali kuliko sheria. Mnamo Septemba 2016, wamiliki wa baadhi ya printa za HP katika nchi mbalimbali waliamka na kukuta mashine zao zikikataa katriji zenye chipu zisizo za kampuni hiyo, ingawa jana yake zilikuwa zikifanya kazi. Programu ya kuzikataa ilikuwa imepenyezwa mapema kupitia masasisho ya mtandaoni, ikisubiri siku yake. HP iliomba radhi kwa namna ilivyowasiliana na wateja na kutoa programu ya kuondoa kizuizi hicho, lakini haikuuacha mfumo wenyewe. Desemba 2020, mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza faini ya euro milioni 10 kwa sababu wateja hawakuelezwa waziwazi juu ya vizuizi hivyo.

Faini ile ilitokana na kuficha habari, na hapa ndipo Kenya imelala. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata maelezo anayoyahitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa anayoinunua, pamoja na kulindwa kwa maslahi yake ya kiuchumi. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ilipitishwa 2012. Ilhali mnunuzi akiingia dukani Ukunda leo, atasoma kwenye boksi kasi ya printa na ubora wa picha. Iwapo mashine itakubali wino mwingine, na iwapo sasisho la mwaka ujao laweza kubadilisha jibu hilo, mara nyingi hataambiwa na yeyote. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Wapo watakaosema kuwa soko limeshatatua tatizo. Ni kweli kwamba printa za matangi, ambazo mtumiaji humimina wino wa chupa bila katriji, zimepunguza makali. Inafaa kukumbuka zilikotoka. Epson ilizizindua kwanza Indonesia mwaka 2010, katika soko ambako watu walikuwa tayari wanazifunga printa za kawaida mirija na chupa za wino kwa mikono yao. Kampuni ilifuata walikokwenda wateja. Lakini printa ya tangi hudai fedha nyingi siku ya kwanza, na asiyekuwa nazo hurudi kwenye ile ya bei rahisi, ambayo mwishowe humgharimu zaidi kwa kila ukurasa. Isitoshe, baadhi ya printa hizo za matangi zina kisanduku cha wino taka kinachobadilishwa, nacho, niamini usiniamini, kina chipu.

Mamlaka ya Ushindani na shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, hazihitaji sheria mpya ili kuanza. Zinaweza kudai kila boksi la printa linaloingia nchini lieleze, kwa Kiswahili na Kiingereza, kama mashine inazuia wino wa wengine, namna ya kuzima masasisho, na makadirio ya gharama ya ukurasa mmoja. Serikali ya Kaunti ya Kwale nayo ni mnunuzi mkubwa, na ina hospitali, afisi za wadi na vyuo vyake vya ufundi vinavyochapisha kila siku. Zabuni ijayo ya vifaa vya afisi inaweza kuuliza maswali hayo matatu kabla ya kuuliza bei ya mashine.