MGENI SI ADUI WA MFANYAKAZI

Mwaka 1970 serikali ya Uganda iliwafukuza wafanyakazi wa Kenya wapatao 30,000. Hata leo, katika nchi jirani na kwetu pia, twasikia kelele kwamba wageni wamezidi, wanatunyang'anya kazi. Twauliza: mshahara hupangwa na nani, mgeni au tajiri? Tajiri humtaka mgeni asiye na kibali kwa kuwa hathubutu kudai. Yeye akipunjwa, nasi twapunjwa. Akifukuzwa, tajiri hubaki yule yule.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu 2010, inampa mfanyakazi kutoka nchi mwanachama haki ya kujiunga na chama. Basi ndugu, tumwandikishe, tudai pamoja: kazi sawa, malipo sawa!